Ncha Zimepasuka: Ukate, Uchambue, au Usuke Usubiri?

Kiangazi kikishika hapa Kigoma, kuanzia Juni hivi, vumbi likapanda na upepo wa ziwani ukakausha kila ulichoanika, malalamiko huwa yaleyale: "Nywele zangu hazikui." Nikizishika hizo nywele, mara nyingi nakuta zinakua vizuri tu. Zinaota kichwani, zinaishia huku chini. Ncha zimepasuka na zinakatika kwa kasi ileile ya kuota kwake, basi mwenyewe anajiona yupo palepale mwaka mzima.

Ushauri nao unagongana. Msusi anasema kata. Shoga yako anasema usikate hovyo, chambua. Mama mkubwa anasema hizo zinataka mafuta tu, suka uziache. Nimezipita njia zote tatu, tangu nywele zangu zikiwa na dawa hadi leo zikiwa za asili, na kila moja imenifaa mahali na kuniangusha mahali. Naziweka hapa zitazamane kwa ajili ya yule aliyekwama katikati.

Kwanza hakikisha ni ncha

Subiri asubuhi, kaa barazani au karibu na dirisha, tandika kanga nyeupe au karatasi mapajani. Chukua fungu dogo la nywele kavu, unene wa penseli, ulisokote kuanzia juu kwenda chini. Nywele nzima zitalala pamoja. Zenye kasoro zitachomoza pembeni. Sasa ziinamie uzitazame kwenye ule weupe.

Ya kawaida kabisa ina ncha mbili, kama panda ya manati. Nyingine imechanuka nyuzi nyingi, ufagio kamili. Nyingine haijapasuka bado, ila ina kidoti cheupe karibu na mwisho. Wengi hukidhania yai la chawa. Yai la chawa hukaa karibu na ngozi ya kichwa na limeng'ang'ania upande mmoja wa unywele. Kidoti hiki ni unywele wenyewe uliovunjika ndani, na ukiukunja hapo unakatika. Wenye nywele za kipilipili tuna la ziada: fundo la unywele mmoja, dogo kama punje ya mchanga, ambalo unywele umejifunga wenyewe ulipokuwa unajikunja. Pitisha vidole kutoka juu kwenda chini utalisikia kabla hujaliona.

Kuna visivyo ncha. Vinywele vifupi vya kwenye paji la uso vyenye mwisho mwembamba uliochongoka ni vinavyoota, viache. Unywele mrefu uliobaki kwenye chanuo ukiwa na kijivimbe cheupe upande mmoja umetoka na shina lake, na kichwa hutoa nywele 50 hadi 100 kwa siku bila ugonjwa wowote. Ndiyo maana ukifumua rasta zilizokaa wiki sita unapata furushi zima mkononi. Ni nywele za siku 42 zilizokuwa zimezuiliwa humo ndani, zaidi ya 2,000. Niliwahi kulia kwa furushi kama hilo, nikakata nywele ambazo hazikuwa na kosa.

Sababu ya ncha kupasuka ni umri. Unywele huota takriban sentimita moja kwa mwezi, wa kipilipili mara nyingi pungufu kidogo. Kwa hiyo nywele za sentimita 36 zina ncha ya miaka mitatu. Kama unaosha mara moja kwa wiki, ncha hiyo imeoshwa zaidi ya mara 150, imechanwa, imefungwa, imepigwa jua, imesuguliwa na mto. Nje unywele una magamba yaliyolaliana kama makuti ya paa. Yakishaondoka, nyuzi za ndani zinafumuka kama mwisho wa kamba ya katani. Na unywele ukishatoka kwenye ngozi hauna uhai. Hauponi kama kidonda. Kondishona na seramu hushikanisha ncha kwa siku chache, ukiosha zinaachana tena. Anayekuuzia kopo la "kuunganisha ncha" milele hakwambii kweli.

Njia tatu na vigezo vinne

Mkato wa mara moja unaufahamu: unakaa kwenye kiti, msusi ananyoosha nywele, anaondoa sentimita kadhaa kote sawasawa. Kuchambua ni kukaa na mkasi mdogo ukitafuta unywele mmoja mmoja ulioharibika, kama unavyotoa mawe kwenye mchele, na kukata huo tu. Njia ya tatu haigusi mkasi: unapaka mafuta, unasuka, unaficha ncha, unasubiri.

Nazipima kwa urefu unaoupoteza, muda na pesa, zinavyodumu, na madhara yake. Ila kabla ya yote pima ufa wenyewe: umepanda kiasi gani kutoka mwisho, na umeenea kichwa kizima au mahali pamoja? Jibu la hapo ndilo litakaloamua, kuliko kauli ya msusi au yangu.

Urefu unaoupoteza

Hapa ndipo kila mtu anapoumia, kwa hiyo tupige hesabu. Aliyekata sentimita sita siku moja amerudi nusu mwaka nyuma. Anayekata sentimita moja kila miezi mitatu anapoteza nne kwa mwaka, na kama zimeota 12 anabaki na nane za faida. Huyu wa pili anafika kiunoni, maadamu alianza mapema kabla nyufa hazijapanda.

Anayechambua hupoteza kidogo kuliko wote. Urefu wa jumla hausogei, mtu akikutazama kwa nyuma haoni tofauti. Ndiyo raha ya njia hii, na ndiyo sababu wenye nywele ndefu wanaipenda.

Anayesuka na kusubiri hapotezi kitu siku ya leo. Lakini ufa haukai ulipo. Kila mchano unausukuma juu kidogo, na unywele usioukata utakatika wenyewe, tena utachagua pa kukatikia. Mwaka wangu wa kwanza wa nywele za asili nilikataa mkasi miezi 14 mfululizo. Nyuma zilibaki ndefu, pembeni zikawa fupi, na mwisho wake ukawa mwembamba unaona kanga ukutani kupitia humo. Nilikata sentimita tisa pale ambapo tatu za mwanzoni zingetosha.

Jambo moja liwe wazi: kukata hakuharakishi kuota. Kuota ni kazi ya shina lililo ndani ya ngozi, nalo halijui mkasi umefanya nini huku chini. Mkasi unaokoa kilichokwishaota.

Muda, mkono na pesa

Mkato ni nusu saa, na bei ya kupunguza ncha peke yake si kubwa. Kinachopandisha bili ni kuosha, stimingi na kublo. Kwa mwenye kazi na watoto, hii ndiyo njia nyepesi.

Kuchambua kunataka subira ya kweli. Kichwa changu, nywele zikiwa zinafika mabegani, kilinila jioni nne. Mbele unajiweza, kisogoni huoni chochote, mikono inachoka, macho yanauma. Mimi nilikwenda Ujiji kwa shangazi. Alinikalisha kwenye mkeka, yeye juu ya kigoda, kichwa changu katikati ya magoti yake, gazeti limetandikwa pembeni la kupokea vipande.

"Shangazi, nyingi?"

"Tulia mwanangu. Nyingi, lakini fupi fupi. Hizi hazijapanda."

Alikuwa anashika kila unywele kati ya kidole gumba na cha shahada, anauinua kwenye mwanga, anatafuta ufa unapoishia, anapanda juu yake kama nusu sentimita kwenye sehemu nzima, ndipo anakata. Sauti yake ndogo, *tik*, kisha kimya kirefu, kisha *tik*. Pesa haikutoka isipokuwa ya mkasi. Na mkasi huo tulikubaliana usikate kitu kingine, si uzi, si karatasi, si mfuko wa maziwa, kwa sababu mkasi butu hauukati unywele, unauponda, na pale ulipopondwa ndipo ufa mpya unapoanzia.

Kusuka kunaanza kwa urahisi na kunaishia kuwa ghali: msusi, rasta za kuongezea, mafuta, halafu yote upya kila baada ya wiki sita hadi nane. Twende kilioni za nywele zako mwenyewe, au kusuka uzi, ni nafuu sana, na kwa ncha naona zinatunza vizuri kama rasta.

Zinavyodumu

Mkato hudumu kadiri utakavyoziishi nywele zako baada yake. Anayeweka dawa au kupiga pasi kila wiki ataona nyufa ndani ya miezi miwili au mitatu. Anayeziacha asili, akazichana kwa vidole na chanuo pana, anaweza kukaa miezi minne hadi sita. Kuchambua hakuna siku ya kusema nimemaliza. Ni palizi, unarudi shambani kila mwezi. Na kusuka kunadumu muda ule zikiwa zimesukwa, ila ncha zilizokuwa mbaya siku ya kusuka zitakuwa mbaya siku ya kufumua.

Kinachofanya njia yoyote kati ya hizi idumu ni maji na mafuta, na hapa Kigoma tuna habari yetu. Maji ya Ziwa Tanganyika yana alikali, yaani kinyume cha uchachu: pH yake, kipimo cha mambo hayo, inakaribia 9. Unywele unapenda uchachu kidogo. Kwenye alikali magamba yananyanyuka, yanakwaruzana, nywele zinakuwa ngumu kama makumbi. Ongeza sabuni ya mche, ambayo nayo ni alikali, na umepata ncha kavu hata kama hujawahi kushika pasi. Maji ya bomba mjini chanzo chake ni ziwa hilohilo. Siogopi kuoga ziwani, nimekulia humo. Ninachofanya ni kusuuza mwishoni kwa vijiko viwili vya siki kwenye lita moja ya maji, au kukinga maji ya mvua masika yakiwepo. Tofauti unaisikia vidoleni siku hiyohiyo.

Upande wa mafuta, watu wa pwani wanasifia nazi, na wana haki. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba mafuta ya nazi yakipakwa kabla au baada ya kuosha hupunguza upotevu wa protini ya unywele, wakati ya alizeti na ya madini hayakufanya hivyo. Sababu ni asidi ya lauriki, ambayo ni karibu nusu ya mafuta ya nazi na ina umbo dogo la kupenya ndani ya unywele badala ya kubaki juu. Sisi tuna mise. Mafuta ya mise hutoka kwenye kokwa ya chikichi, na asidi hiyo nayo ni karibu nusu yake. Bibi zetu waliyapaka bila kusubiri maabara, nami nayatumia kwa moyo mmoja: usiku wa kuamkia siku ya kuosha, kuanzia katikati ya nywele hadi nchani, kiasi cha kung'arisha viganja tu, si cha kuchuruzika.

Usichanganye na mawese. Hayo hutoka kwenye nyama ya chikichi, utungaji wake ni mwingine kabisa, yanakaa juu ya unywele, na wekundu wake utauona kwenye foronya hadi ukome. Yabaki kwenye samaki wetu, mgebuka.

Madhara yanayoweza kukupata

Mkato ukiwa mikononi mwa asiyejua unakuacha pabaya kuliko ulipokuwa. Saluni moja hapa mjini niliomba nipunguziwe ncha, fundi akachukua wembe. Zilionekana zimelingana kama rula. Baada ya wiki sita kila ncha ilikuwa imechanuka, kwa sababu wembe hupita kwa mshazari, unaumenya unywele badala ya kuukata. Nilisikitika sana, maana nilikuwa nimekaa kimya kwenye kiti kwa kuona aibu kumwambia. Wewe usione aibu. Sema "mkasi, dada, tafadhali" kabla hajaanza.

Hatari nyingine ya mkato ni pasi. Ili kukata nywele za kipilipili sawasawa lazima zinyooke, na wengi hunyoosha kwa moto, hivyo unaondoa nyufa huku unaandaa nyingine. Unyevu ukiwa bado umo ndani ya unywele, moto mkali huuchemsha humohumo na kuupasua. Suka uzi usiku mmoja, asubuhi ufumue: zimenyooka vya kutosha kukatwa.

Kuchambua hatari yake ni kukosea mahali. Ukikata kwenye ufa wenyewe badala ya juu yake, umeacha nusu ya ufa. Ukichambua kwenye taa ya njano usiku utakata nzima uache mbovu. Na tafadhali usiachanishe ncha kwa vidole wala kuzing'ata. Najua mkono unawasha kufanya hivyo ukiwa foleni, lakini kila unapovuta ile panda unaipandisha sentimita nzima.

Kusuka kuna madhara yasiyotajwa saluni. Akimaliza kusuka rasta, msusi huunguza miisho kwa kiberiti au kuichovya maji ya moto. Kama nywele zako ni ndefu kufika karibu na mwisho wa rasta, anaunguza za kwako pia. Mwambie ncha zako zinaishia wapi, azishike akuoneshe. Rasta zinazovuta nazo hung'oa nywele za pembeni. Ukiona vipele kwenye mstari wa nywele, au ukishindwa kulala usiku wa kwanza, fumua. Na kufumua kwa haraka, kwa chanuo la meno madogo, nywele kavu, kunapasua ncha nyingi kuliko wiki sita za jua. Paka kwanza mafuta au kondishona, tenganisha kwa vidole, ndipo uchane kuanzia chini ukipanda.

Kulingana na ulivyo

Kama ufa hauzidi nusu sentimita na unaona nyufa chache kwa kila fungu, chambua. Umewahi, na hakuna sababu ya kutoa urefu uliousubiri miaka. Hakikisha una mtu wa kukushikia kisogo.

Kama fungu ulilosokota lina miiba kuanzia juu hadi chini, chanuo linakwama mahali palepale kila siku, na mwisho wa nywele ni mwembamba kuliko katikati, kuchambua kutakuchosha bure. Kata mara moja, hadi pale unene unaporudi. Kama moyo hauwezi, gawa: nusu leo, nusu baada ya miezi mitatu, na katikati usuke uzi.

Unayeacha dawa, mwenye asili juu na dawa chini, tatizo lako liko pale aina mbili zinapokutana. Hapo ni dhaifu kuliko ncha. Kata zenye dawa kidogo kidogo kila miezi miwili au mitatu, na kati ya mkato na mkato usuke bila kuvuta. Ukichambua peke yake utafanya kazi isiyoisha, kwa sababu upande mzima wa chini ndio ulioharibika.

Mama wa Kibirizi, mwaloni kwetu, unayeshinda juani unaanika dagaa, mikono ina maji ya ziwa na chumvi, hutakuwa na jioni nne za kuchambua. Punguza sentimita moja au mbili kwa mkasi kabla ya kiangazi, suka twende kilioni, ncha zikunjwe ndani, kilemba juu. Utakapofumua zitakuwa salama kuliko za shoga yako wa ofisini.

Wenye nywele za singa, na Ujiji mko wengi, hamna mafundo yale, nanyi ufa mnauona kwa urahisi. Kuchambua kunawafaa sana. Epukeni kuchana zikiwa zimelowa chapachapa, hapo zinavutika na kukatika. Subiri zikauke nusu. Sisi wa kipilipili ni kinyume, zetu zichanwe zikiwa na maji na kondishona, kamwe si kavu.

Unayevaa ushungi kila siku, tazama katikati ya nywele kabla ya ncha. Fundo la nywele likifungwa mahali pamoja kwa mpira mgumu, nywele hukatika hapohapo, na kitambaa cha pamba au sufu husugua na kunyonya mafuta. Vaa satini chini ya mtandio, badilisha mahali pa kufunga, leo juu kesho chini. Ukiona vidoti vyeupe katikati ya unywele, mkato wa ncha hautavifikia na kusuka kutavificha tu. Hivyo ndivyo vya kuchambua, kimoja kimoja, juu ya kidoti.

Na kama nywele zinatoka na shina kwa wingi kuliko siku zote, au kuna kipara cha duara, au ngozi inawasha na kutoa magamba, weka mkasi chini uende hospitali. Hapo ncha si tatizo lako.